Kifuu Kitupu

Ulikuwa ule mwaka wa muhogo. Mchele ulipanda bei, Kigombe nzima ikala muhogo asubuhi na muhogo jioni, na siku ya Idi tukaula tena, tumeumwagia tui zito angalau uonekane umevaa. Wali ulipikwa harusini tu, na wali wa harusi Kigombe ni wangu tangu mama yangu yu hai. Nimesoma mpaka darasa la tatu, lakini sufuria ya watu mia mbili siipimi kwa kikombe. Naitazama tu.

Kwenye harusi moja akaja mama mmoja, meneja wa hoteli ya Tanga mjini, kaalikwa na upande wa bwana. Alikula wali wangu na samaki wa kupaka, akalamba vidole pamoja na zile kucha zake ndefu, akanifuata jikoni.

"Shikamoo bibi. Mikono hii inafanya nini huku? Njoo hotelini kwetu, uwapikie wageni chakula cha pwani."

"Marahaba. Nazi mnazo?"

"Nazi utazikimbia mwenyewe!"

Nilijigamba, sikatai. Niliaga nyumba kwa nyumba kama ninakwenda Hija. Nikapanga chumba Nguvumali, nikahamia na mbuzi yangu ya kukunia na kifumbu changu cha kuchujia tui, maana vyombo vya watu sivitegemei.

Siku ya kwanza wakanivika kanga mpya, bado inanuka duka, wakanikalisha kwenye kibanda cha makuti mlangoni mwa ukumbi wa kulia. Nikauliza jiko liko wapi. Wakasema nikunie pale pale, wageni wanione. Haya. Nikakuna nazi nne, wageni wakanipiga picha mpaka za visigino. Nikakamua, nikachuja, nikabeba tui langu la kwanza kupeleka jikoni, zito, zuri.

Mpishi mkuu alikuwa baba mmoja wa bara mwenye kofia ndefu, utadhani kavaa mtungi. "Weka hapo, mama," akasema, wala hakugeuza shingo. Alikuwa na pakiti ya tui la unga, anakoroga na maji ya bomba kama fundi anayechanganya chokaa. Alipohitaji bakuli, tui langu akalimwaga kwenye sinki. Lote. Nimezika mume bila kutoa sauti mbele za watu, lakini siku ile nilishika ukuta.

Nikamwendea meneja. Akacheka.

"Bibi yangu, kupika wapo wanaopika. Wewe kazi yako ni pale nje. Kukaa tu! Wenzako wanaililia kazi kama hii."

Kesho yake, eti nazi zisipotee bure, akanipa kifuu kimoja kilichokwisha kukunwa, nikipitishe tu kwenye meno ya mbuzi, kwenda na kurudi. Mwezi mzima! Mimi mwenye wajukuu kumi na mmoja, nakuna kifuu kitupu kama niliyerukwa na akili, na wageni wanaitikia vizuri, vizuri. Wametoka kwao na ndege kuja kutazama mtu anayekwangua ubao! Nilivumilia kwa jambo moja tu: nirudi Kigombe niseme nini, mimi niliyeaga nyumba kwa nyumba?

Ndipo siku moja wakaja akina mama wa kikundi cha Tongoni kwenye semina. Mmoja ni shoga yangu wa zamani, kala wali wangu harusi ngapi sijui. Akatoka ukumbini na sahani mkononi.

"Shoga, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi umefiwa? Wali huu una ladha ya ukuta."

"Si wangu."

"Si wako! Na ubao ule wa vyakula mlangoni unasema nini?"

Nikaenda kuusoma ubao, herufi moja moja, kwa kidole. *Wali wa Bibi wa Kigombe.* Na bibi wa Kigombe alikuwa nani pale, kama si mimi? Ile chokaa yao walikuwa wakiipa jina langu. Huku kwetu mwanamke haketi kwenye sinia kabla ya kuuliza nani kapika, na jina hilo ndilo mali niliyo nayo.

Nikarudi kibandani. Kanga yao nikaikunja, kifuu nikakiweka juu ya makaratasi ya meneja.

"Nazi isiyoliwa siikuni."

Kigombe walinicheka siku mbili. Jirani alisimama uani kwake akapaza sauti, "Hija imekwisha mapema, bi mkubwa!" Nikawahadithia mwenyewe, mpaka na habari ya sinki, na hapo kwenye sinki hakuna aliyecheka. Mwezi uliofuata shoga wa Tongoni akamwoza binti yake, akaniita mimi.

Nimekaa kwenye mbuzi, nazi arubaini mbele yangu, simu ikalia. Mwanangu akaifungulia sauti, wanawake wote wakasogea: ni yule meneja.

"Shikamoo bibi. Wageni wanakuulizia. Rudi, safari hii tutakupa nazi nzima."

"Ya kupikia?"

"Ya… ya kuonekana, bibi."

Nikamjibu huku mikono inaendelea na kazi:

"Nazi isiyoliwa siikuni."