Mume Wangu Aliishiwa Maneno Akiomba Chumvi

Asubuhi ile mume wangu aliniomba chumvi. Nilipogeuka kumpa, maneno yalikuwa yamemwisha.

Sitanii.

Alikuwa kwenye kigoda, sahani ya mihogo mbele yake. Akasema, "Mwantumu, lete chu..." Basi. Mkono wa kulia ukadondoka, mdomo ukaenda upande, akabaki ananitazama kama mimi ndiye niliyemnyang'anya kitu.

"Kaimu?"

"Ta. Tatata."

"Kaimu, acha mchezo."

"Tatata."

Mimi ni bibi wa miaka tisini na kitu. Anayeandika ni mjukuu wangu Zaina, mimi naongea tu. Ananiambia, "Bibi, watu wa mtandaoni hawana subira, nenda moja kwa moja."

Haya, naenda.

Ilikuwa mwaka 1950, enzi za mradi wa karanga Nachingwea. Tulikaa Lionja. Kaimu alikuwa dereva wa trekta, mtu wa makamo, mimi bado msichana. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, na sifa zake usipime. Hata karatasi iliyofungia sukari lazima aisome kwa sauti kwanza ndipo nichemshe chai.

Sasa mtu huyo akawa ni "tatata" tu.

Majirani wakasema amerogwa. Wengine wakasema ni wazimu, nimfunge kamba kabla hajanidhuru. Mimi niliwaangalia tu. Mtu hata kijiko hawezi kushika, atanidhuru na nini?

Nikampeleka hospitali Nachingwea. Palikuwa na daktari mmoja Mzungu aliyewahi kutibu askari waliopigwa risasi za kichwa vitani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo aliongea kupitia kwa dresa mmoja Mmakonde, msaidizi wake wa kufunga vidonda, aitwaye Saturnini.

Daktari hakumpiga sindano. Alipanga vitu mezani: kijiko, ufunguo, kikombe, kibiriti.

Saturnini akasema, "Kaka, nionyeshe ufunguo."

Kaimu akaugusa kwa mkono wa kushoto. Sawasawa.

"Nionyeshe kitu cha kuwashia moto."

Akagusa kibiriti.

Nikashusha pumzi. Kumbe anasikia! Kumbe anaelewa!

"Sasa hiki kinaitwaje?"

Kaimu akafungua mdomo. Jasho likamtoka. Shingo ikakakamaa. "Ta... tata..." Akapiga meza kwa ngumi ya kushoto.

Daktari akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: CHAI, TREKTA, KAIMU. Saturnini akamwomba aonyeshe jina lake.

Kaimu akaitazama ile karatasi. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

Jina lake mwenyewe, hakulijua.

Hapo ndipo alipolia. Nilikuwa sijawahi kumwona mume wangu analia.

Daktari akamwacha mpaka amalize, kisha akasema kitu. Saturnini akanigeukia.

"Dada, daktari anasema akili ya mumeo ipo. Kuna sehemu ya kichwa inayotengeneza maneno, hiyo ndiyo imeumia. Mkono na mdomo vimeumia kwa sababu hiyo hiyo. Anasema mwambie aimbe."

"Aimbe? Hawezi kusema chumvi, ataimba?"

"Mwambie tu."

Nikaanza mimi, wimbo wa ngoma tuliokuwa tunauimba siku za mavuno. Kaimu akanifuata kwa kuguna. Halafu, wallahi, katikati ya kuguna likatoka neno zima. Na la pili. Maneno ya wimbo, safi kabisa, kwenye mdomo ule ule uliopinda.

Nikapiga kelele mpaka wagonjwa wengine wakachungulia.

Daktari akanipa kazi. Kila siku niketi naye, vitu vichache mbele yetu. Neno nilivute kama wimbo, huku anapiga paja kwa mkono wa kushoto: maaa-ji. Taratibu nipunguze wimbo, neno libaki. Nisimjibie. Nisimpigie kelele kama kiziwi. Nisimcheke, na watu wasimzunguke.

"Itachukua muda gani?" nikauliza.

Saturnini hakumtafsiria daktari swali lile. Akasema tu, "Dada, jipange."

Haukupita mwaka, mradi ukafungwa. Watu wakafunga mizigo, daktari akaondoka, Saturnini naye akahamishwa. Nikabaki na Kaimu wangu na ile maaa-ji yangu. Tukapanda lori mpaka Ruangwa, tukaenda kijijini Mandawa, kwa mama yangu.

Sasa nisikilizeni, maana sehemu hii watu huwa hawaisemi.

Nilichoka.

Asubuhi shambani, ufuta na mihogo. Mchana kutwanga, kumwogesha, kumlisha. Jioni mkekani, kikombe, kisu, kibiriti. "Hiki nini, Kaimu? Kiii-ko..." Anakwama. Tunaanza upya. Siku akisema kikombe, kesho yake neno limepotea.

Kisha akapata neno "ndiyo", likawa balaa.

"Unataka uji?"

"Ndiyo."

"Au hutaki?"

"Ndiyo."

"Kaimu, unataka au hutaki?"

"Ndiyo! Ndiyo!" Bakuli hilo, limerushwa.

Siku nyingine nilikuwa nakaa chini katikati ya ufuta, nalia, nikimaliza najifuta na kanga naendelea kupalilia. Mama alijua.

Aliyesema ni mjomba Isihaka.

Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye sauti. Yeye ndiye aliyepokea posa yangu, yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuuliza. Wala sikumchukia, alikuwa ananionea huruma kwa namna yake.

"Mwanangu, we bado kijana," akaniambia. "Hujazaa. Unamlea mtu mzima kama mtoto. Mpaka lini?"

"Mjomba, anapata nafuu."

"Nafuu ipi? Jana nimemsalimia, kaniambia kikombe."

Kweli alimwambia kikombe.

Basi kukatokea jambo. Kaimu alikuwa amekaa nje, mimi natwanga mtama, na mdundo wa mchi ukaamsha kitu ndani yake. Akaanza kuimba. Wimbo nisioujua, wa lugha nisiyoijua. Maneno mengi, yanatiririka, hayakwami hata moja. Na ndani yake neno moja likijirudia kila mara.

Maria.

Nikaacha kutwanga. Lugha gani hii? Mimi niliambiwa mume wangu ni mtu wa Masasi.

Akawa anauimba kila nikishika mchi. Siku ya tatu mjomba akapita, akasikia. Akasimama pale njiani mpaka wimbo ulipoisha.

"Hiyo ni sala ya misheni," akasema. "Tumemwoza binti yetu kwa Mkristo aliyejificha."

"Mjomba, alisilimu mbele yenu!"

"Hakusilimu, alisema ni Muislamu wa kuzaliwa. Mtu akiugua hivi, uongo unaondoka, kinabaki cha ndani. Ijumaa tumwite shehe. Kaimu atoe shahada mbele ya watu. Akishindwa, we unarudi kwetu."

Nikamtazama mjomba. "Atoe shahada? Mjomba, huyu kuomba chumvi hawezi!"

"Basi Mungu atamsaidia."

Siku zile nilimfundisha mpaka nikakauka koo. Nilivuta kila neno la shahada kama alivyonielekeza daktari, Kaimu anapiga paja, ananifuata. Akawa anafika nusu. Kuna mara moja alifika mwisho, nikamkumbatia nikacheka peke yangu kama chizi.

Ijumaa baada ya swala ya mchana wakaja. Wazee kwenye mikeka, wanawake upande wa jikoni. Wamemzunguka pande zote, kitu ambacho daktari alikataza. Nilijua tumekwisha.

Shehe alikuwa mtu mpole. "Kaimu, unanisikia?"

"Ndiyo."

"Unajua kwa nini tupo hapa?"

"Ndiyo."

Mjomba akadakia, "Hata ukimuuliza kama yeye ni mbuzi atasema ndiyo."

Watu wakacheka. Uso wa Kaimu ukabadilika. Niliona, maana nilikuwa nausoma uso ule kila siku.

"Haya, tamka nami," shehe akasema, akaanza.

Kaimu akafungua mdomo. Mishipa ikamsimama. "A... ash... a..." Mkono wa kushoto ukapiga paja. "A... a..."

Kisha ikamponyoka.

"Maria."

Kuku tu ndio walikuwa wanaongea.

Mjomba akasimama. "Mmesikia wenyewe."

Nikakaa chini.

Hapo jikoni kukazuka kicheko. Si cha dhihaka, cha mtu aliyeshtukizwa. Alikuwa Josephina, mama mmoja Mmakua aliyevuka Ruvuma na familia yake, akapewa shamba jirani na sisi. Siku ile alikuwa amekuja kumsaidia mama kupika.

"Samahanini wazee," akasema. "Nimemsikia asubuhi anaimba, nikadhani nimeota. Hiyo siyo sala."

"Ni nini?" shehe akauliza.

"Wimbo wa kutwanga. Wa kwetu ng'ambo. Maria ni mvivu, anaambiwa, Maria we, twanga upesi, mvua inakuja, watoto wana njaa, nawe unajitazama kiuno."

Akauimba kidogo. Kaimu akageuza shingo kama aliyeitwa. Akaupokea, wakauimba wote wawili mpaka mwisho, na Josephina alipomaliza alikuwa anafuta macho.

"Huyu ni wa kwetu," akasema. "Wanaume wetu wengi walitoroka kazi za kulazimishwa. Ukishatoroka husemi ulikotoka, usije ukarudishwa."

Mjomba bado amesimama. "Wimbo sawa. Shahada je?"

Shehe akamgeukia Kaimu, akaongea polepole. "Mdomo umekataa. Tuonyeshe."

Kaimu akanyanyua kidole cha shahada. Cha mkono wa kushoto. Akakielekeza juu, hakukishusha.

"Wa kushoto!" mjomba akasema.

"Wa kulia umefungwa na nani, Isihaka?" shehe akamjibu. "Mimi au wewe?"

Mjomba akakaa. Ndoa yangu ikabaki. Mama akapakua chakula, watu wakala kama vile walikuja kwa ajili ya chakula.

Je, Kaimu aliwahi kubatizwa huko ng'ambo? Mpaka leo sijui. Sikumuuliza. Angenijibu ndiyo.

Mngedhani baada ya siku ile mambo yalikuwa mazuri. Wapi! Kazi ilikuwa ile ile. Kikombe, kisu, kibiriti. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia.

Msimu mmoja wa kuvuna ufuta, nimerudi shambani jua kali, miguu imepasuka, mgongo haunyooki. Nikatandika mkeka, nikapanga vitu. Nilikuwa sina hamu hata ya kuishi, lakini nikashika kikombe.

"Haya. Hiki nini?"

Nikakisogeza karibu na uso wake.

"Kaimu, hiki nini?"

Hakukitazama kikombe. Alikuwa ananitazama mimi. Akanyoosha mkono wa kushoto, akakisukuma kando. Kisu akakisukuma. Kibiriti akakisukuma.

"Lala."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Umesema nini?"

"We. Lala." Akavuta pumzi, akatafuta. "Choka. We... choka."

Neno lile sikumfundisha. Halikuwemo kwenye kikombe wala kwenye wimbo. Alilitoa mwenyewe, kwa ajili yangu.

Muda wote ule nilidhani mimi ndiye ninayempima. Kumbe na yeye alikuwa ananiangalia, anaona kila kitu, na hakuwa na njia ya kusema.

Nikajilaza pale pale mkekani. Nililala usingizi ambao sijawahi kuulala tena. Nilipoamka jua linazama, Kaimu ana fimbo mkononi, anawafukuza kuku wasinikanyage, na kila kuku akisogea anamwambia, "Toka!"

Hilo nalo sikumfundisha.

Tulizaa watoto wawili. Aliuona Uhuru. Aliongea mpaka mwisho kwa maneno mawili matatu kwa wakati mmoja, na wageni walidhani ni mtu mkali. Kusoma hakukurudi. Mtoto wetu mkubwa ndiye aliyekuwa anamsomea karatasi za sukari, na akiruka neno, Kaimu anamwambia, "Rudi."

Siku hizi Zaina ananiambia kuna wataalamu kabisa, wanafundisha watu wa namna hii kuongea na kusoma, wakubwa kwa watoto. Mpelekeni mtu wenu mapema. Msimwite mwendawazimu, wala msimweke katikati ya watu mkamhoji.

Na wewe unayemuuguza, usijifanye chuma. Ukichoka, lala kwanza. Akiamua kuongea, atakuamsha.