Zaka ya Bima

Kaka yangu alimpiga Baba ngumi ya taya mchana kweupe, katika chumba alichopanga kaka mtaa wa Manfuha, Riyadh, na mimi nikammwagia kaka birika la chai ya moto. Sijutii.

Tulikuwa tumempeleka Mama Riyadh kupasuliwa jicho. Moja lilikwisha kufa, na la pili daktari alisema lisicheleweshwe. Baba alikuwa karani bandarini Jeddah. Alipostaafu, kampuni ilimrudishia fedha zote za bima ya matibabu zilizokatwa kwenye mshahara wake, kwa kuwa hakuugua hata siku moja. Serikali haikudai kodi hata halala moja. Zilitosha jicho la Mama na nauli.

Lakini Baba aliona kama serikali haidai, Mungu anadai. Asubuhi ile alizunguka vichochoro vya Manfuha akigawa zaka ya miaka yote aliyokatwa. Alirudi na nusu ya fedha, uso umemkunjuka.

"Sheikh wa msikitini kasema zaka ya mwaka mmoja yatosha, Baba," kaka alisema. "Mali hukuwa nayo mkononi."

"Ilikuwa yangu tokea siku ilokatwa. Nife na deni la Mungu mimi?"

"Na Mama je?"

"Mungu atampa."

Kaka alikuwa fundi zege, na miaka ile ya neema ya mafuta Riyadh ilijengwa usiku na mchana. Mkono wake ulikuwa mgumu. Baba, aliyetulea kwa mshipi bila ya mtu kuthubutu kumrudishia, aliinuka na damu mdomoni akamkaba koo. Walivunja kabati, wakaviringishana juu ya vigae. Mama alikaa kwenye mkeka akiuliza nani anampiga nani. Nilipomwaga chai kaka alimwachia Baba, nami nilitamani birika la pili nimmwagie Baba.

Taya lilikuwa limevunjika. Hospitali, Baba akatoa kadi yake ya bima kwa mazoea. Karani akamrudishia.

"Halas, imekwisha, mzee. Si ulirudishiwa fedha zako?"

Zilizobaki zikaishia kwenye taya. Tukarudi Jeddah bila ya kumwona daktari wa macho, na kabla ya Ramadhani Mama akawa kipofu kabisa.

Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na Baba hata Idi ilimpita. Taya liliunga upande, akila wali unamtoka, nasi tukigeuza nyuso. Mama hakupata kuliona. Mpaka anakufa, yeye peke yake ndiye aliyebaki na uso wa Baba wa zamani moyoni.