Bafta ya Bi Fauzia

Siku hizi, Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa Mwanasha huko Rasbura, mjini Lindi, hakuna anayepiga makofi. Vyerehani vinne bado vipo barazani, wanawake tisa wa Umoja wa Washonaji bado wanakuja na vikapu vyao, na mikasi inakata kama kawaida. Kinachokosekana ni yale makofi mawili makavu, na sauti iliyokuwa ikifuata: "Akina mama, macho kwangu!" Jumamosi ya kwanza makofi yalipokosekana, wanawake walikaa karibu robo saa wakisubiri kugombezwa. Kisha Warda, mwenyekiti wao, akaguna, akatunga uzi sindanoni, na kazi ikaendelea. Na tuseme ukweli ambao Dativa mwenyewe huusema kabla mtu hajamwahi: iliendelea vizuri zaidi.

Dativa ndiye aliyekuwa mwenye makofi. Alizaliwa Newala, akafundisha shule za msingi miaka thelathini na miwili, akastaafu. Mumewe akafariki, watoto wakahamia Dar es Salaam, naye akabaki Mitwero, nje kidogo ya Lindi, katika nyumba ya vyumba vitatu isiyo na mtu wa kumwita mwalimu. Hilo lilimuuma kuliko upweke wenyewe. Mtu aliyezoea kuamkiwa na watoto mia nne kwa mpigo hawezi kuridhika na kuku. Basi alipopata mafunzo ya wiki mbili Mtwara, ya kuunga viraka vya vitambaa mpaka viwe mfarishi, lile shuka nene la kujifunika, alirudi na cheti, akakitia kwenye fremu, akaanza kutafuta watu wa kufundisha. Hakuwaambia kwamba katika wiki hizo mbili, ya kwanza aliumwa malaria, na ya pili ilikuwa na sikukuu katikati.

Wanawake wa Rasbura walimpokea kwa heshima. Walikuwa wanashona tangu usichana wao. Walichotaka ni ule ujuzi mpya tu. Dativa aliwapa ujuzi kwa siku tatu na hotuba kwa miaka miwili.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: kitambaa kifuliwe na kianikwe kabla ya kukatwa, kwa sababu kisichofuliwa kitasinyaa baadaye na kuukunja mfarishi wote. Kwa hiyo kila Ijumaa kamba ya uani kwa Mwanasha ilijaa khanga kuukuu na mashuka yaliyochoka, na kila Jumamosi Dativa alifika kabla ya wote, akaanua, akakata, ili wenzake wamkute kazini. Waliuona huo kuwa moyo wa kujitolea. Ukweli ni kwamba hakupenda mtu amwone akikata. Mkasi wake ulikuwa na tabia ya kwenda kushoto.

Sasa, wiki moja ya mwezi wa saba, Bi Fauzia, mama mkwe wa Mwanasha, alikuja kutoka Mtama kutibiwa macho. Ni mama wa miaka themanini na kitu, mwembamba, mwenye ulimi wa kumtosha yeye na jirani. Hakuwahi kusafiri bila nguo yake ya mwisho, bafta nyeupe ya sanda, ili mauti yakimkuta ugenini asiwasumbue wenyeji. Na haikuwa bafta ya dukani. Marehemu mumewe aliileta kutoka Maka miaka ishirini iliyopita, ikiwa imechovywa katika maji ya Zamzam. Kila mwaka Bi Fauzia huitoa, huipigisha jua, huitia kafuri upya na kuikunja. Asubuhi ile aliianika kwa mkono wake mwenyewe kwenye kamba ya uani, akaondoka na mwanawe Abilahi, mume wa Mwanasha, kwenda kwa daktari. Mwanasha alikuwa sokoni.

Dativa akafika, akaiona.

Alikuwa amehangaika wiki nzima kutafuta kitambaa cheupe cha kutenganisha viraka vya khanga, rangi zisipigane. Na hiki hapa, kirefu, kisafi, hakina doa wala tundu. Mtu mwingine angejiuliza ni nani katika kikundi kinachochangia mashuka yaliyotoboka angeleta kitu kama hicho. Dativa hakujiuliza. Alijiambia kwamba hatimaye wanafunzi wake wamemwelewa. Alikinusa, akasikia harufu kali, akakumbuka kabati za masista waliomsomesha, na ile dawa yao ya kufukuza nondo. Akakikunja mara tatu na kukata, akakunja tena na kukata, viraka karibu mia mbili, kila kimoja shubiri moja. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, mkasi ulikwenda sawa.

Wanawake walipokuja walikuta milima midogo ya viraka vyeupe mezani. Dativa akapiga makofi, akawagawia. Warda alichukua kimoja, akakisogeza puani.

"Mwalimu, hiki kinanukia msiba."

"Kinanukia utunzaji, Warda. Mashuka yenu yangenukia hivi tusingekuwa tunatupa nusu."

"Nasema tu. Mie pua yangu haijawahi kunidanganya."

"Na mie nasema tushone. Macho kwangu!"

Wakashona. Mwanasha alirudi kutoka sokoni, akapikia wote chai, hakuona kitu. Kamba ilikuwa tupu kama kila Jumamosi. Mpaka alasiri viraka sitini vyeupe vilikuwa vimeungwa na vya khanga, na Dativa alikuwa katikati ya hotuba kuhusu subira, Bi Fauzia alipoingia amefungwa bandeji jicho moja, ameshikwa mkono na Abilahi.

"Shikamoo, mama," Dativa akasema.

"Marahaba. Nani kanianulia nguo yangu?"

"Nguo ipi, mama?"

"Nyeupe. Ndefu. Ile ya safari."

Vyerehani vilisimama kimoja kimoja. Mwanasha aliweka birika chini. Warda alitazama mapaja yake, akasukuma kazi yake mezani taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya watu. Dativa ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa, na huwa anasisitiza hilo anaposimulia: katika baraza yenye watu kumi na wawili, mmoja wao nusu kipofu, mwalimu alielewa wa mwisho.

Bi Fauzia alipapasa meza, akaokota kiraka, akakinusa. Akaokota cha pili.

"Viko vingapi?"

"Kama mia mbili, mama," Dativa akajibu.

"Wewe nani?"

"Mwalimu Dativa."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa... kushona."

"Wa kukata, mwanangu. Kushona bado sijakuona. Kwenu wapi?"

"Newala, mama."

"Mmakonde!" Bi Fauzia akamgeukia mwanawe. "Abilahi, unasikia? Hawa wanachonga kila wanachokiona. Kakuta bafta yangu, kaichonga."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Warda alijaribu kusaidia: "Mama, ndiyo yameshatokea. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya si maji. Ni bafta."

Dativa alisema atanunua nyingine, jora zima kama ikibidi. Abilahi, mtu mpole, alikwenda msikitini kumuuliza shehe, akarudi na jibu jema: kitambaa chochote kisafi kinachositiri kinatosha, kipya au kikuukuu, kizima au kilichoungwa.

"Shehe kasema kweli," Bi Fauzia akasema. "Na Mungu amlipe. Lakini bafta ya dukani haikubebwa begani na marehemu Hamisi wangu. Nataka niende na ile." Akamwelekezea Dativa lile jicho lililo wazi. "Umeikata, iunge. Kwa mkono, cherehani kitaitoboa. Na uiunge mbele yangu, Mtama. Mie sina muda mrefu, kwa hiyo na wewe usiwe nao."

Dativa alihesabu kichwani: wiki tatu. Aliwaambia wanawake wasianze mfarishi mpya mpaka arudi. Warda akajibu kwa adabu kwamba watamsubiri, na Dativa akaamini, kwa sababu alikuwa bado ni mtu wa kuamini mambo kama hayo.

Kufumua peke yake kulichukua wiki mbili. Kisha akaanza kuunga, akiwa ameketi mkekani kwenye varanda ya Bi Fauzia, na mama mwenyewe kandoni akipokea kila mshono baada ya kuisha. Alikuwa haoni uzi, ila kidole gumba chake kiliona kila kitu.

"Hapa kuna kilima."

"Ni kidogo, mama."

"Mie nitakilalia mpaka kiama, wewe unaniambia kidogo. Fumua."

Dativa akafumua. Akaunga. Akafumua. Majirani walikuja kumpa pole Bi Fauzia kwa macho, na kila mmoja alionyeshwa: "Huyu ndiye aliyenikata sanda nikiwa hai. Mwamkieni, ni mwalimu." Nao wakamwamkia, mashavu yamevimba kwa kicheko. Hivyo ndivyo alivyolipata tena jina lake la ualimu.

Wiki ya tano aligundua jambo ambalo nadhani alilijua siku zote. Hakuwa anajua kushona. Alijua kusema habari za kushona. Akaelewa pia ni kwa nini kila Jumamosi aliikuta mishono yake imenyooka: miaka miwili pale Rasbura, Warda na wenzake walikuwa wakifumua kimyakimya mishono yake baada ya yeye kuondoka, wakaishona upya, wakampa heshima ya mfarishi uliokamilika. Alipolifikiri hilo mkekani alicheka peke yake mpaka Bi Fauzia akauliza kama ameona nyoka.

"Nimejiona mwenyewe, mama."

"Afadhali nyoka. Shona."

Mvua za vuli zilipoanza, Bi Fauzia alishikwa na homa ya mapafu. Alilala siku tisa, pumzi ikikwaruza, na Abilahi alikuja kutoka Lindi na mkewe wakakaa. Vilikuwa vimebaki viraka arobaini. Dativa alihamia na kazi yake ndani, karibu na kitanda, akashona tangu alfajiri mpaka macho yanatoka machozi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kumwambia mtu. Alichotaka kilikuwa kimoja tu, kwamba asimzike mama huyu na bafta nyingine. Siku ya saba alianza kuruka mishono ili amalize. Mkono mkavu ulitoka chini ya shuka, ukashika kitambaa, kidole gumba kikatembea.

"Unakimbia," Bi Fauzia akanong'ona.

"Naogopa, mama."

"Mimi ndiye ninayekufa, unaogopa wewe? Fumua."

Akafumua, huku Mwanasha akilia mlangoni. Akashona taratibu, mshono umelala kama maji ya kisimani. Aliunga kiraka cha mwisho siku ambayo Bi Fauzia aliomba uji na kulalamika kwamba hauna chumvi.

Wakaitandaza bafta kitandani, nyeupe kwa nyeupe, imepungua upana kiasi cha mkono mmoja kwa ajili ya mishono, lakini ni ile ile. Bi Fauzia aliipapasa yote, alichukua karibu saa nzima. Penye kona moja kidole kikasimama.

"Kilima."

Dativa akachukua mkasi mdogo.

"Kiache hicho," Bi Fauzia akasema. "Nikiulizwa huko, nitasema ni cha Dativa, Mmakonde mmoja, nimeshamsamehe." Akavuta pumzi. "Haya, ikunje. Ukienda Rasbura wasalimie. Ukirudi uje na kafuri."

Alikwenda, akawasalimia, akaikuta kazi ya Umoja imenyooka kama haijawahi. Warda alimpa kiti cha wageni. Alinunua kafuri, akarudi.

Dativa sasa anaishi Mtama, katika chumba cha uani nyumbani kwa Bi Fauzia. Jumapili anakwenda kanisani, siku nyingine anashonea watu kwa mkono, na Bi Fauzia yu hai.