Uyoga wa Gogo la Nyuma ya Maabara

Saa moja kasorobo asubuhi, mama mmoja amepiga magoti kwenye nyasi zenye umande, uso wake karibu na gogo lililooza nyuma ya maabara ya chuo. Ukungu unajivuta taratibu kati ya miti. Kwa kisu kidogo anakata uyoga wa rangi ya majivu, anaunusa, kisha anaulaza kikapuni.

Wenzake humwita Mama Uyoga. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake imekuwa kutambua uyoga uotao kwenye miti iliyokufa.

"Shikamoo, mama. Mgonjwa wako ameamkaje?" anatania mtunza bustani, msumeno begani.

"Marahaba, mwanangu. Ameamka, ila wewe ndiye uliyekuja kummaliza."

Ni kweli. Leo gogo linaondolewa, na halijawahi kuonekana jingine lenye uyoga kama huu.

Mara ya kwanza ulichipua miaka sita iliyopita. Kama ilivyo desturi ya kazi hii, mama aliulaza juu ya karatasi, akaufunika kwa bilauri, ili vumbi lake la uzazi lidondoke na rangi yake ioneshe ukoo. Baadaye karatasi ilikuwa tupu. Akaandika kwamba hauna vumbi, akautupa. Miezi ikapita ndipo, akiwa anaanika shuka, alipong'amua: vumbi lilikuwa jeupe, na karatasi nayo nyeupe. Lakini uyoga haukuchipua tena hadi wiki hii.

"Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, nikalitia pipani," anasema. "Nimelingoja tena miaka sita."

Safari hii, ndani ya maabara, ameunga karatasi mbili, nyeusi na nyeupe. Anafunika. Mwanga wa dirishani unatambaa mezani, kama nao unangoja.

Saa nane mchana mtunza bustani anaingia, vumbi la mbao nywelani. Mama anainua bilauri. Upande mweusi imelala miale myeupe ya vumbi la uyoga, myembamba kama pumzi kwenye kioo.

"Kumbe ulikuwepo," ananong'ona.

"Sasa anaitwa nani?" anauliza kijana.

Mama hajui bado. Weupe huo umeondoa koo nyingi vitabuni, zimebaki mbili. Anastaafu baada ya miezi minne, na amemwomba kijana amwekee kipande cha gogo, urefu wa mkono, akilaze kivulini nyuma ya nyumba yake.

"Huko hatutaharakishana," anasema. "Atachipua siku atakayopenda, nami nitakuwa nyumbani."