Kadi ya Matundu Ukutani

Kwetu Rusizi chumba cha kupigia kura hupambwa kama ukumbi wa harusi. Migomba husimamishwa mlangoni, vitambaa vya rangi za bendera hufungwa madirishani, na maua huchumwa tangu jana yake. Nimekulia Bukavu, ng'ambo ya mto, na niliporudi nyumbani jambo hili lilinishangaza kuliko mengi. Siku hizi nalisubiri kwa hamu.

Asubuhi ile nilifika kwenye shule moja ya msingi hapa Kamembe ukungu ukiwa bado juu ya ziwa, beji ya mtazamaji wa uchaguzi ikinining'inia shingoni. Nilitumwa na chama chetu kidogo kinachosaidia watu wenye ulemavu kupiga kura. Tulikuwa tumezunguka kutoka sokoni hadi Nzahaha tukiwafundisha wasioona kutumia kadi ya matundu. Ni karatasi ngumu yenye madirisha madogo, na kando ya kila dirisha kuna nukta za kupapasa. Karatasi ya kura inaingizwa ndani yake, mtu anahesabu nukta kwa kidole, anafika kwenye dirisha la mgombea wake, anaweka alama. Hakuna anayemshikia mkono.

Mwanafunzi wetu mwenye bidii kuliko wote alikuwa mama mmoja anayesuka vikapu karibu na soko. Uchaguzi uliotangulia shemeji yake ndiye aliyemwekea alama kwenye karatasi ya kura. Jioni, ua mzima ulikuwa unajua alimchagua nani, na jirani mmoja akaacha kumsalimu.

"Ile kura haikukuwa yangu," alituambia siku ya kwanza ya mafunzo, kwa Kiswahili cha huku mpakani, ambapo watu ni "batu". "Ilikuwa ya batu bote ba nyumbani."

Safari hii alitaka kitu kimoja tu: kura ambayo hakuna mwingine anayeijua.

Wahudumu wa chumba, wote wa kujitolea, walikula kiapo. Sanduku likainuliwa tuone kwamba ni tupu, likafungwa. Nikakaa kwenye kona yangu na kuanza kukagua meza kwa macho, kama tulivyofundishwa. Karatasi za kura, zipo. Wino, upo. Kadi ya matundu?

Haikuwepo.

Nikaitafuta tena, na ndipo nilipoiona. Ilikuwa imetundikwa ukutani, juu kabisa, imezungushiwa utepe, na katika kila dirisha lake limechomekwa ua la manjano. Ilikuwa imependeza kweli. Nilibana kicheko, kisha nikaingiwa na hofu, maana mtazamaji haruhusiwi kugusa kitu wala kumwelekeza mpiga kura. Akiona kasoro anamwambia mkuu wa chumba, basi. Na mkuu alikuwa nje akipanga mstari wa wazee.

Kabla sijainuka, yule mama akaingia, shemeji yake akimshika kiwiko.

"Bonjour, maman," mhudumu wa mezani akasema. "Huyu papa ndiye atakusaidia?"

"Hapana. Yeye ananileta tu. Munipe kadi yangu."

"Kitambulisho chako iko hapa, maman, ninakishika."

"Si kitambulisho. Ile ya matundu."

Wahudumu wakatazamana. Mmoja akainua kitambaa cha meza, mwingine akachungulia chini ya kiti.

"Shemeji, batu banangoja," yule bwana akasema. "Acha nikupigie, twende. Mara ile sikupiga muzuri?"

"Ulipiga muzuri, na ukatangaza muzuri kupita radio."

Mstari mzima ukacheka. Mimi nilikuwa nimeshatoka mlangoni, karibu nikimbie.

"Mkuu, kadi ya wasioona iko ukutani."

"Inafanya nini ukutani?"

"Imebeba maua."

Aliingia, akatazama juu, akajishika kichwa. "Nani alitundika hii?"

"Ni mimi, papa," msichana mmoja mhudumu akajibu kwa sauti ya chini. "Ilifika pamoja na tepe. Nikaona matundu, nikasema wametufikiria, ni ya kupitishia maua."

Mkuu akaishusha, akachomoa maua moja moja, akaifuta kwa mkono wa shati. "Pole, maman. Kadi yako ilikuwa inajipamba."

Mama akaipapasa kutoka juu hadi chini, akaileta puani. "Inanukia muzuri."

Akaingia nyuma ya pazia peke yake. Niliona miguu yake tu, imetulia. Kwenye kona yangu nilijikuta nikihesabu nukta pamoja naye, kidole gotini.

"Shemeji, iko sawa?" yule bwana akauliza kutoka mlangoni.

"Nyamaza. Ninachagua."

Alitoka na karatasi iliyokunjwa, akapapasa mdomo wa sanduku, akaitumbukiza mwenyewe. Walipompaka wino alikinyoosha kidole kama anayevishwa pete.

Nilimfundisha kila kitu kuhusu kadi ile, na nina udadisi unaonisumbua hata kwa mambo madogo. Lakini sijui alimchagua nani, na asubuhi ile nilitamani kupiga vigelegele kwa sababu sijui. Mtazamaji hapigi vigelegele. Nilirudi kwenye kona yangu, nikamsikiliza mama na shemeji yake kupitia dirisha wakivuka uwanja kuelekea kwenye pikipiki.

"Basi niambie mimi tu, shemeji. Nani?"

"Uliza yale maua. Yalikuwa karibu."