Karatasi za Njugu

Juzi nilikuwa Nakuru, nikanunua njugu karibu na stesheni ya reli. Msichana muuzaji akanifungia kwa karatasi nyeupe pe, mpya kabisa. Nilipozimaliza niliifungua karatasi, nikaigeuza huku na huku. "Mathe, kuna kitu umepoteza?" akaniuliza. Nikamwambia hapana.

Wewe wa rika langu unajua nilichokuwa nikitafuta. Miaka ile ya hamsini, nyumbani kwetu Bondeni, mtaa wa Nakuru hiyohiyo, hapakuwa na vitabu vya hadithi. Tulikuwa na karatasi za duka. Sukari, majani ya chai, bizari, njugu, vyote mwenye duka alivifunga kwa kurasa za magazeti ya zamani, na nyanya yangu alikuwa na sheria: karatasi haiendi kuwasha jiko mpaka isomwe. Yeye alisoma Kurani bila kukwama, lakini herufi za shuleni zilimpiga chenga. Basi msomaji nikawa mimi, mjukuu wake.

Ilikuwa kila alasiri, baada ya chakula. Upepo wa ziwani unaleta vumbi lile jeupe lililotuingia hata menoni, mama anakanda unga wa mahamri, harufu ya iliki imejaa ukumbini. Nyanya yuko mkekani na ungo wake, mchele unaruka na kushuka, sh, sh, sh. Nami nimelala kifudifudi, nainyoosha karatasi kwa kiganja na kusoma chochote kile: bei ya mahindi, tangazo la sabuni, habari za mtu wa mbali aliyefiwa na ng'ombe. Nyanya alimpa pole mtu yule kana kwamba yuko mlangoni. "Soma kwa sauti," alikuwa akinikemea, "usimung'unye maneno. Asiye na meno hapa ni mimi!"

Mwaka mmoja, wakati wa baridi ya Julai, ikaja hadithi. Gazeti lilikuwa limeitoa vipande vipande, na mwenye duka alikuwa na rundo zima. Msichana anamsindikiza kaka yake stesheni. Kaka anakwenda kutafuta kazi mbali, anaahidi kurudi. Kila gari la moshi likiingia, msichana yuko pale, anatazama wanaoshuka. Lo! Tulikula njugu mwezi ule! Mama akasema zitatuota masikioni.

Nilipokuwa nikisoma hadithi ile, ungo ulinyamaza. Nilimuuliza mama, naye akanieleza kwa sauti ya chini. Nyanya alikuja Nakuru kutoka pwani, bado kigoli, akimfuata kaka yake wa pekee aliyekuwa kibarua wa reli. Alipofika, akaambiwa kaka amekwisha kupelekwa mbele, upande wa Kisumu. Akamngoja. Akaolewa hapa, akazaa hapa, akazeeka hapa, na kila mara gari la moshi lilipopiga honi aliinua kichwa. Nilikuwa nimeiona ishara ile maisha yangu yote, nikidhani ni mazoea ya wazee tu.

Kipande cha mwisho hatukukipata. Mwenye duka alisema rundo limekwisha, na karatasi ya mwisho imeondoka na njugu za jirani yetu, mama mmoja muuza maharagwe. Nilikimbia, nikamkuta anapepea jiko. Karatasi ilikuwa imeteketea. Jirani hakujua kusoma, na nyumbani kwake hapakuwa na sheria kama yetu.

Nyanya, ambaye hakutoka ila kwa harusi na matanga, alivaa buibui lake akaenda mwenyewe. Nilimfuata nyuma.

"Umeichoma, shoga?"

"Nimeichoma. Nisamehe, dada, sikujua."

Nyanya akaketi kizingitini kwa jirani, mikono mapajani. "Sasa nitajuaje kama kaka wa yule msichana alishuka?"

Jirani alimtazama, akalitazama jiko. Kisha akaweka kipepeo chini. "Alishuka," akasema. "Maandishi siyajui, lakini picha niliiona. Mwanamume anashuka kwenye behewa, mzigo begani, na msichana anamkimbilia."

"Amezeeka?"

"Kidogo tu. Mvi hapa na hapa."

Nyanya akacheka, na machozi yakamtoka palepale, akayafuta kwa ncha ya buibui. "Alhamdulillahi," akasema. "Subira yavuta heri." Tangu siku ile, gari la moshi likipiga honi, aliendelea kupepeta mchele wake.

Miaka ikapita, nyanya akatutoka. Matangani nilikaa na jirani yule tukichagua mawe kwenye mchele, nikamuuliza: katika ile picha, msichana alikuwa amevaaje?

"Picha gani, mwanangu?" akasema, vidole vyake havikusimama. "Ile karatasi ilikuwa maandishi matupu."

Sasa hata jirani hayupo. Nyumba yetu imebomolewa, pamejengwa maduka ya simu, na juzi alasiri nzima nilisimama pale bila kusikia honi. Nawakumbuka wanawake wale wawili mpaka kifua kinauma. Karatasi ya yule msichana muuza njugu, ile nyeupe, niliikunja taratibu nikaitia mkobani. Ningeitupaje? Haijasomwa.