Mafurungu ya Hamisa na Rupia za Msikiti

Hamisa binti Pazi alikuwa na mashimo sita uani kwake Kurasini, na kila alfajiri, akishaswali, aliyazungukia yote kama mtu aliyepotelewa na kuku. Shimo la jana alilichokoa tena leo. Jembe likigonga kijiwe, moyo unamruka.

Hakutafuta utajiri. Rupia za Mjerumani mwaka ule hazikununua hata kiberiti. Ila baba yake, mzee Pazi, ndiye aliyewekewa michango ya taa za msikiti, na mizinga ya Mwingereza ilipoanza kuupiga mji, aliifukia, akakimbilia bara. Vita vilipokwisha alirudi kiharusi kimemfunga ulimi, akawa ananyoosha kidole uani tu, mpaka akafa. Basi watu wakasema Pazi kala taa. Miaka zaidi ya thelathini Hamisa kalisikia neno hilo kisimani, ngomani, hata msibani. Na sasa serikali yataka viwanja, gati inapanuliwa. Jumatatu nyumba inavunjwa, na kisichoonekana kabla ya hapo ndio basi tena.

Ndipo akamwita Romani, askari aliyerudi kutoka vita vya pili, huko Bama. Alikuwa na mashine ya kutafutia mabomu yaliyofukiwa, fimbo ndefu yenye sahani chini na vidude vya kuvaa masikioni. Kwa mashine hiyo alizunguka Temeke nzima akitafuta sarafu za kale, akiwauzia Wazungu wanaozikusanya.

"Shikamoo bibi. Kapumzike barazani, nikipata nitakuita."

"Marahaba. Nipumzike, wewe utie mfukoni? Tangulia, nakufuata."

Akamfuata unyayo kwa unyayo. Mashine ikalia penye mlango wa jiko, wakachimba. Shimo halijafika magotini, ikalia zaidi pembeni, pale aliposimama Hamisa.

"Huku!" Hamisa akapiga kelele alipoona Romani anageuka. "Liache hilo, njoo huku!"

Siku tatu zikaenda hivyo, shimo likizaa shimo. Wakapata bawaba moja na kopo.

Mwinjuma, mzee wa msikiti, akachungulia juu ya ua wa makuti. "Da Hamisa, unachimba kisima ama kaburi?"

"Kaburi la ulimi wako, Mwinjuma. Urefu wake ndio unaonichosha."

Siku ya Ijumaa Romani alikwenda kunywa maji, akaiacha mashine. Hamisa, ambaye kukaa hakuwezi, akavaa vile vidude, akaishika fimbo. Ikalia. Akasogeza mguu, ikanyamaza. Akaurudisha, ikalia tena. Akautazama mguu wake.

Kumbe siku zote ilikuwa inamlilia yeye.

Yalikuwa mafurungu yake ya fedha. Mama yake alimvisha siku ya harusi, akamwambia hayo hayatoki ila kwa mkono wa mwosha maiti. Hata eda ya mumewe alikaa nayo, kayafunga vitambaa, mashangazi wakalalama mpaka wakachoka. Romani aliporudi, Hamisa akamrudisha kwao. "Nenda, uje kesho," akasema. Akashinda na sabuni na mafuta ya nazi, anavuta, anatukana, anavuta. Miguu imevimba kwa uzee, hayatoki.

Asubuhi Romani alimkuta kakaa kizingitini, miguu kainyoosha, na tupa mkononi.

"Kata."

"Bibi! Kumbe una chuma miguuni siku zote hizi?"

"Chuma! Fedha hii, mwana weye. Na hukuuliza."

"Jeshini hatukuwa na bibi nyuma yetu."

Tupa ilikereza mpaka jua likapanda. Hamisa kaukazia macho ua, hakutikisa hata kope. Furungu la pili lilipoanguka akasimama, miguu ikawa myepesi hata akapepesuka.

"Sasa turudi shimo la kwanza. Ambalo mie nilikuondoa."

Safari hii alikaa mbali, mgongo ukutani, vidole vyake vikisokota ncha ya kanga. Sahani ikazunguka juu ya shimo la mlango wa jiko. Romani akainua mkono. Akachimba shubiri moja tu chini ya pale walipoachia. Likatokea birika la shaba, limebonyea, na mdomoni rupia zenye Mfalme wa Kijerumani kavaa kofia lenye sanamu ya ndege.

Romani akanyoosha mkono.

"Usiguse! Asiguse mtu. Niitie Mwinjuma."

Mwinjuma akaja, na majirani nyuma yake.

"Mwenye mali ndiye hufukua," Hamisa akamwambia. "Ingia."

Mzee wa watu akapiga magoti, kanzu ikaburuza udongoni, akazichota hadi ya mwisho. Akasema kwa sauti ya chini, "Ni za msikiti."

"Sikusikii. Sikio limezeeka."

"Ni za msikiti! Pazi hakula!"

"Tena," akasema Hamisa, huku mguu mmoja ukisugua kifundo cha mwenzake, ukilitafuta furungu lisilokuwepo. "Wa kisimani hawajasikia."